Mota Iliyozunguka Kinyume

Leo naweka kando mambo ya programu na hifadhidata, nizungumzie jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nikiwa mwanafunzi. Wengi wenu mnanijua kama mtu wa kuandika programu. Wachache wanajua kwamba shahada yangu ni ya uhandisi wa umeme na mitambo, na kwamba nilikimbilia tarakilishi kwa sababu ya aibu. Hebu nianze na hiyo aibu, kisha tuingie kwenye historia.

Nilikuwa mwaka wa nne. Nilipata nafasi ya kufanya atachimenti katika kiwanda kimoja cha nafaka kule Mombasa. Siku ya tatu hivi, mota moja ya fezi tatu ilirudi kutoka kusukwa waya upya. Ikafungwa mahali pake, ikawashwa. Mkanda wa kubebea nafaka ukaanza kwenda kinyume na mahindi yakamwagika sakafuni. Fundi mkuu, mzee mmoja mpole mwenye kofia ya kiua, akanigeukia mbele ya vijana wake wote.

"Haya Injinia, chuo kikuu kinasemaje?"

Nilijua mengi kuhusu mota ile. Ningeweza kukuandikia milinganyo yake kwenye ukurasa mzima bila kuangalia kitabu. Nilikuwa nimepita mtihani wake kwa alama nzuri. Basi nikaanza kueleza mambo ya uga wa sumaku na kasi ya rota. Mzee akanisikiliza kwa adabu. Kisha akaenda akazima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli, akapima kuhakikisha waya hazina umeme, akafungua kifuniko cha mota, akachukua waya mbili kati ya zile tatu na kuzibadilisha mahali. Akawasha. Mkanda ukaenda mbele. Kazi yote haikufika dakika 10.

Vijana walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Wakati wa chai mzee akaja na vikombe viwili na mahamri, akaketi karibu nami. "Mwanangu, usitie moyoni. Sasa nawe nifunze. Miaka zaidi ya 20 nageuza hizi waya. Nikibadilisha mbili, mota inageuka. Nikizisogeza zote tatu hatua moja, hakuna kinachobadilika. Kwa nini?"

Nikachukua chaki nikachora duara kwenye sakafu ya saruji. Ndani ya mota, nikamwambia, kuna koili tatu zilizopangwa kwa mzunguko, na umeme unazifikia kwa zamu. Nyekundu, njano, buluu, halafu nyekundu tena. Nguvu ya sumaku inafuata zamu hiyo na kuzunguka, na rota inaifukuza. Ukisogeza zote tatu hatua moja unapata njano, buluu, nyekundu. Zamu ni ileile, umeanzia mahali pengine tu. Lakini ukibadilisha mbili unapata nyekundu, buluu, njano, na hiyo ni zamu ya kwanza ikisomwa kinyumenyume.

Mzee akaifuata duara kwa kidole, mara ya kwanza, mara ya pili. "Kumbe!" akasema. Alifurahi kama mtoto.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa miaka. Mimi nilikuwa na nusu ya ujuzi, yeye nusu nyingine. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Sawa, lakini hawakutuambia ratiba ya masomo ipangwe vipi ili nta na asali vikae mahali pamoja! Basi nikaanza kusoma historia ya jinsi wahandisi wanavyofundishwa. Nikagundua kwamba ugomvi huu ni wa zamani sana, na kwamba kuna watu waliwahi kuutatua vizuri kabla babu zetu hawajazaliwa.

UBAO NA NYUNDO

Mwanzoni mwa karne ya 19 kulikuwa na njia mbili kubwa za kumpata mhandisi.

Njia ya Uingereza ilikuwa ni uanagenzi. Kijana alipelekwa karakana akiwa mdogo, akafagia, akashika taa, akamtazama fundi, na baada ya miaka kadhaa naye akawa fundi. Ndivyo walivyopatikana watu wengi waliojenga injini za mvuke na reli. Jua kali yetu inafanya kazi kwa mtindo huohuo hata leo. Ubaya wake ni kwamba mwanagenzi hajui zaidi ya kile ambacho fundi wake anakijua, na fundi akiwa na siri anaweza kuondoka nayo.

Njia ya Ufaransa ilikuwa kinyume. Mwaka 1794, katikati ya mapinduzi, ilianzishwa École Polytechnique mjini Paris. Mwanahisabati Gaspard Monge alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Hapo mwanafunzi alianza na hisabati, jiometri, fizikia na kemia. Baadaye ndipo alipokwenda katika vyuo vingine kujifunza kazi yenyewe: madaraja, migodi, mizinga. Kwanza nadharia, kisha vitendo.

Nchi nyingi ziliiga mtindo wa Paris, nasi tuliurithi kwa kupitia wengine. Ukitaka kujua kwa nini mwanafunzi wa uhandisi hukaa miaka miwili akipiga kalkulasi kabla ya kushika spana, mwanzo wake unaweza kuutafuta huko.

MOSCOW, 1868

Mtu wa kwanza kujaribu kuingiza karakana darasani kwa utaratibu wa kisayansi alikuwa Mrusi, Victor Della-Vos, mkuu wa Chuo cha Ufundi cha Kifalme mjini Moscow. Aliona kwamba uanagenzi unachukua muda mrefu kwa sababu kijana anajifunza kwa bahati. Leo kuna kazi ya tupa, kesho hakuna.

Mwaka 1868 yeye na walimu wake wakauchambua ufundi kama vile mwalimu wa lugha anavyochambua sarufi. Kazi ya tupa, ya tindo, ya kukereza, ya kuunga mbao, kila moja wakaigawa katika mazoezi madogo kutoka jepesi hadi gumu. Kila mwanafunzi alikuwa na jiriwa yake na vifaa vyake, na wote walifanya zoezi moja kwa wakati mmoja. Mwalimu mmoja aliweza kufundisha kundi zima.

Kazi hizi zilionyeshwa kwenye maonyesho ya dunia ya Philadelphia mwaka 1876. John Runkle, rais wa chuo cha MIT cha Marekani, alipoziona alivutiwa sana hata akaanzisha karakana za mtindo huo katika chuo chake mwaka huohuo.

Sisi watu wa programu tunaifahamu njia hii. Ni kama yale mazoezi ya kila kitabu cha kwanza: andika programu ya kutafuta namba kubwa kuliko zote, panga orodha, geuza neno. Yanakupa vidole vyepesi. Lakini kasoro yake ni ileile. Kile kipande cha chuma ulichokipiga tupa hakiendi popote. Hakuna mtu anayekisubiri na hakuna mkanda utakaosimama ukikosea.

Kule Worcester, Marekani, chuo kingine kilikuwa na karakana ambayo mwaka huohuo wa 1868 ilianza kutengeneza bidhaa za kuuzwa sokoni, wanafunzi wakifanya kazi humo. Hapo kosa lilikuwa na gharama. Lakini karakana inayotafuta faida ina hamu ya kumweka mwanafunzi pale anapozalisha, na huenda pasiwe pale anapojifunza. Kila njia ina mwiba wake.

KUTOKA GLASGOW HADI TOKYO

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Mwaka 1863 vijana watano kutoka Japani waliondoka kwao kwa siri kwenda Uingereza. Wakati huo Mjapani kutoka nje bila ruhusa lilikuwa kosa la adhabu ya kifo. Mmoja wao, Yamao Yozo, alifika Glasgow, akafanya kazi kwenye karakana ya kujengea meli mchana na kuhudhuria masomo ya jioni katika Anderson's College. Katika masomo hayohayo ya jioni alikuwamo kijana Mskoti aliyekuwa mwanagenzi wa ufundi mchana, jina lake Henry Dyer.

Miaka ikapita. Utawala wa Japani ukabadilika, Yamao akawa mtu mkubwa katika Wizara ya Kazi za Umma, na wizara hiyo ikaamua kuanzisha chuo chake cha uhandisi mjini Tokyo. Dyer akapewa ukuu wa chuo hicho mwaka 1873, akiwa hajatimiza miaka 25. Wakati wa safari ya meli ndipo alipoandika mpango wa masomo. Alipofika, Yamao akaukubali.

Nimeusoma mpango huo mara nyingi. Ulikuwa wa miaka 6. Miaka miwili ya kwanza mwanafunzi alikaa chuoni muda wote: hisabati, sayansi, uchoraji, Kiingereza. Miaka miwili iliyofuata, kila mwaka uligawanywa mara mbili: miezi 6 chuoni, miezi 6 kazini katika fani aliyoichagua. Miaka miwili ya mwisho ilikuwa ya kazi tupu, kwenye karakana za serikali, reli, migodi, minara ya taa au simu za waya.

Tazama ile miaka miwili ya katikati. Kijana anatoka darasani na maswali, anayapeleka kazini. Anatoka kazini na maswali mengine, anayarudisha darasani. Anaenda, anarudi, anaenda, anarudi. Dyer mwenyewe aliishi maisha hayo Glasgow, mchana nyundo na jioni kitabu, kwa hiyo alijua kwamba lile daraja la kati ndilo lenye faida. Alichokifanya ni kuliweka kwenye ratiba rasmi ili kijana asiye na nguvu za kusoma usiku naye alipate.

Upande wa umeme alikuwako William Ayrton, aliyewahi kusoma Glasgow chini ya William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin. Ayrton alifika Tokyo mwaka 1873 na akajenga maabara ambayo mwenzake John Perry, aliyejiunga naye mwaka 1875, aliishangaa alipoiona. Ndani yake mwanafunzi alishika na kupima mwenyewe.

Tarehe 25 Machi 1878 kulikuwa na karamu kwenye ukumbi wa chuo hicho kusherehekea kufunguliwa kwa kituo kikuu cha simu za waya. Ayrton na wanafunzi wake wakawasha taa ya umeme, ile ambayo mwanga wake unatokea umeme ukiruka kati ya ncha mbili za kaboni, wakitumia betri. Iliwaka kwa takriban dakika 15. Mpaka leo Japani huiadhimisha tarehe hiyo kuwa siku ya umeme. Kwangu mimi jambo kubwa ni kwamba walioihangaikia taa ile mbele ya wageni wa heshima walikuwa wanafunzi. Mmoja wao, Fujioka Ichisuke, baadaye alikuwa mmoja wa waasisi wa kampuni ya umeme ya Tokyo, na mwaka 1890 akashiriki kuanzisha kiwanda cha balbu ambacho ni mmoja wa mizizi ya kampuni ya Toshiba.

Yuko pia Tanabe Sakuro. Huyu alihitimu mwaka 1883. Kazi yake ya kuhitimu ilikuwa mpango wa mfereji wa kuleta maji kutoka ziwa Biwa hadi mji wa Kyoto. Gavana wa Kyoto alikuwa na ndoto hiyohiyo, akamwajiri. Hebu fikiria: kijana wa miaka 21 anakabidhiwa mradi aliouandika kama ripoti ya chuo! Ujenzi ulianza mwaka 1885 na mfereji ukakamilika 1890. Mwaka 1888, kazi ikiendelea, Tanabe alikwenda Marekani kuona jinsi maji yanavyotumika kuzalisha umeme. Mpango wa awali ulikuwa wa magurudumu ya maji ya kuendesha viwanda moja kwa moja. Aliporudi mpango ukabadilishwa. Mwaka 1891 kituo cha Keage kikaanza kuzalisha umeme, na mwaka 1895 tramu za umeme zikaanza kukimbia mitaa ya Kyoto.

Turbini upande mmoja, jenereta upande mwingine, tramu mwisho wa waya. Huo ndio uhandisi wa umeme na mitambo tangu mwanzo hadi mwisho. Na uliongozwa na mtu aliyezoeshwa chuoni kwenda, kuona na kurudi kubadilisha mchoro.

Ayrton na Perry waliporudi Uingereza waliendeleza njia hiyo katika Chuo cha Finsbury, London, ambako mwanafunzi wa umeme alianza na kipimo mkononi. Yaani mwalimu alikwenda Japani kufundisha, akarudi na njia ya kuwafundisha watu wa kwao.

WIKI MOJA HUKU, WIKI MOJA KULE

Mtu mwingine aliyeona kwamba siri iko kwenye ratiba ni Herman Schneider wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani. Alijiuliza: kwa nini chuo kinunue mashine ghali ambazo zitachakaa na kupitwa na wakati, ilhali viwanda vya mjini vinazo mpya?

Mwaka 1906 akaanza na wanafunzi 27: 12 wa mitambo, 12 wa umeme na 3 wa kemia. Aliwaweka wawili wawili. Wiki hii mmoja yuko darasani na mwenzake kiwandani. Wiki ijayo wanabadilishana. Kiwanda hakikosi mfanyakazi, na chuo hakikosi mwanafunzi. Mwenye kiwanda alimlipa ujira, kwa hiyo hata mtoto wa maskini aliweza kusoma.

Mpango huu uliigwa na vyuo vingi na bado upo, ingawa wengi wamerefusha zamu kutoka wiki moja hadi muhula mzima. Utaona haukuhitaji jengo jipya. Ulihitaji kalenda, na mtu wa kubisha hodi viwandani.

HESABU ZIKASHINDA

Kama mambo yalikuwa mazuri hivyo, mbona mimi niliaibika Mombasa?

Jibu linaanza na ushindi halali wa hisabati. Umeme wa mkondo geu, ule unaopanda na kushuka kama wa majumbani mwetu, ulikuwa mgumu mno kuukokotoa. Mwaka 1893 Charles Steinmetz alionyesha jinsi ya kutumia namba changamano kuufanya uwe hesabu nyepesi ya ubaoni. Kilichomtesa mtaalamu kwa siku nzima kikaweza kufundishwa kwa vijana kwa muhula mmoja. Sitaki mtu anielewe vibaya: bila Steinmetz nisingeweza kumchorea yule mzee duara langu.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Katika maabara ya rada iliyokuwa MIT, waliotamba walikuwa wanafizikia. Wahandisi wengi waliofunzwa kwa vitabu vya kanuni na mazoea ya karakana walijikuta hawana msingi wa sayansi mpya. Lilikuwa ni pigo la heshima. Mwaka 1955 kamati iliyoongozwa na L. E. Grinter ilitoa ripoti kwa chama cha elimu ya uhandisi cha Marekani, ikipendekeza sayansi za msingi zipewe nafasi kubwa zaidi na mafunzo ya ufundi yapunguzwe. Mwaka 1957 Warusi wakarusha Sputnik, na hamu ya sayansi ikazidi.

Sababu zao zilikuwa za kweli. Ila kulikuwa na sababu nyingine isiyosemwa sana: ubao na chaki ni rahisi kuliko maabara ya mota. Mhadhiri mmoja anaweza kuwafundisha wanafunzi 200 mlinganyo mmoja kwa saa moja. Hawezi kuwafundisha 200 kufunga mota moja. Karakana ikishafungwa kwa sababu za kitaaluma, haifunguliwi tena kwa sababu za kifedha.

KARAKANA INARUDI KWA MLANGO WA NYUMA

Mwaka 1969, Tetsuro Mori, mhandisi wa kampuni ya Yaskawa inayotengeneza mota, aliunda neno mekatroniki kwa kuunganisha mitambo na elektroniki. Neno likaenea duniani, na likaja na tatizo jipya kwa walimu. Roboti haigawanyiki. Huwezi kumpa mtu wa umeme nusu yake na wa mitambo nusu yake halafu utegemee itembee. Lazima mtu mmoja, au kundi moja, lihangaike nayo yote.

Katika miaka ya 1970, Woodie Flowers wa MIT alilifanya somo la usanifu liwe mashindano. Kila mwanafunzi alipewa mfuko wenye vikorokoro sawa na wenzake, akajenga mashine, na mwisho wa muhula mashine zikashindana mbele ya umati unaoshangilia. Kutokana na wazo hilo, yeye na Dean Kamen walikuja kuanzisha mashindano ya roboti ya FIRST kwa wanafunzi wa shule. Shirika lenyewe lilianzishwa mwaka 1989.

Mnamo mwaka 2000, MIT na vyuo vitatu vya Uswidi, yaani Chalmers, KTH na Linköping, vilianzisha mpango wa pamoja wa kupanga masomo ya uhandisi kufuata safari ya kitu chenyewe: kukibuni, kukisanifu, kukitengeneza na kukiendesha. Ukiangalia vizuri utamwona Dyer akicheka kwa mbali.

NA SISI JE?

Huku kwetu, Royal Technical College ya Nairobi ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, na mwaka 1970 ikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Ilikua kwa mtindo wa Uingereza wa wakati huo, ambao tayari ulikuwa na mihadhara mingi.

Halafu kuna Juja. Mwaka 1978 Mzee Jomo Kenyatta alitoa ardhi ya hekta 200, na kwa msaada wa serikali ya Japani kikajengwa chuo cha kilimo na teknolojia. Wanafunzi wa kwanza waliingia Mei 1981, wakisomea stashahada. Walimu na vifaa vya Kijapani vilikuja kwa miaka mingi kupitia shirika la JICA. Mwaka 1994 kikawa chuo kikuu kamili, JKUAT, na leo mekatroniki ni moja ya shahada zake. Sisemi kwamba ratiba ya Dyer ilipakiwa melini ikaletwa Juja. Lakini nchi iliyojengwa na chuo cha aina ile ilipoamua kutusaidia, ilitujengea chuo cha kilimo na teknolojia, na hilo silioni kuwa bahati tu.

Mwaka 1985 ulikuja mfumo wa 8-4-4 na kazi za mikono hadi shule za msingi. Sisi wa enzi hizo tunakumbuka kuchonga mwiko na kufuma kikapu, wazazi wakichangishwa pesa za karakana. Wazo halikuwa baya. Vifaa na walimu ndio hawakutosha. Mwaka 1990 kundi la kwanza la mfumo huo liliingia vyuo vikuu vya umma, na madarasa yakajaa.

Nilipofika mimi chuoni, ambacho sitakitaja, maabara ya mashine za umeme ilikuwa na mota nzuri iliyokuwa na umri kuliko sisi. Tulisimama 12 kuizunguka. Mmoja alizungusha kidhibiti, mmoja aliandika, 10 tulinakili. Waliokuwa nyuma kabisa walinakili ripoti ya mwaka uliotangulia. Hakuna aliyewahi kuifungua. Kuifungua ilikuwa marufuku, maana ikiharibika hakuna nyingine. Sikuwalaumu wahadhiri wakati ule na siwalaumu sasa. Walikuwa na mota moja.

Ninachokisikitikia ni kitu kingine, na hiki hakikuhitaji pesa. Niliporudi kutoka Mombasa nilikuwa mtu tofauti. Kila jioni kwa miezi miwili yule mzee alinionyesha jambo kwa mikono na mimi nikamrudishia kwa chaki. Nilirudi chuoni na daftari lililojaa maswali. Kwa nini mota inaungua fezi moja ikikatika? Kwa nini waya zinapoanza kulegea zinapata joto kwanza? Wenzangu waliokuwa viwanda vingine walirudi na yao. Tulikuwa na hazina ya maswali ambayo Dyer angeipokea kwa mikono miwili.

Hakuna aliyetuuliza. Tuliandika ripoti, ikajalidiwa, ikapigwa muhuri, ikawekwa kwenye kabati. Jumatatu tukaendelea na mlinganyo uliofuata.

Tulikuwa tumepewa kwenda. Hatukupewa kurudi. Ndipo nikaanza kukaa kwenye maabara ya tarakilishi mpaka usiku, kwa sababu kule niliweza kujaribu, kukosea, kuambiwa kosa langu na kujaribu tena, yote ndani ya dakika moja. Mtu wa programu ana karakana yake mezani, na haiungui. Nadhani hiyo ndiyo sababu vijana wengi wa uhandisi hapa kwetu tumeishia kuandika programu. Hatukuikimbia mota, tulifuata mahali ambapo tunaruhusiwa kukosea.

Siku hizi kuna programu za kuiga mota kwenye skrini, na mwaka 2020 korona ilipofunga vyuo zilisaidia wengi. Ni nzuri. Mimi mwenyewe nimeandika moja ndogo. Lakini mota ya skrini haina kifuniko chenye skrubu iliyoota kutu, na hamna mzee anayekuuliza kwa nini.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahadhiri wanaosoma hapa ni dogo. Sitaki maabara mpya, ingawa mkipata msikatae. Naomba saa moja kwa wiki, muhula wa kwanza baada ya atachimenti, kila mwanafunzi asimame aeleze kitu kimoja alichokiona kikiharibika, na darasa zima litafute kwa nini. Na kila baada ya muda aalikwe fundi mmoja, naye aulize maswali yake. Nauli ya matatu na kikombe cha chai vinatosha.

Wewe msomaji, je, ulifunzwa vipi? Ulianza na nyundo au na ubao? Niandikie, nitafurahi kusikia visa vyenu.

Na kama una mota ya fezi tatu inayozunguka kinyume, zima swichi kuu kwanza.